PUA HAIPIMI MAJI
(Mazungumzo kwa mkutano wa kijiji)



Leo tuzungumze habari ya kisima kilicho karibu na kituo cha mafuta au gereji. Wengi wetu husema: "Maji haya ni meupe, hayanuki, kwa nini tusinywe?" Haya, tusikilizane.

Petroli ikivuja katika tangi lililofukiwa, hushuka ardhini polepole mpaka kwenye maji. Ndani yake mna sumu iitwayo benzini. Mtu akiinywa muda mrefu yaweza kumletea saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1 katika lita 100, yaani ndoo 5 za lita 20. Miligramu 1 ni nyepesi kuliko punje ya mchele. Kiasi hicho pua haikisikii, wala ulimi.

Huko Marekani, katika kambi ya askari ya Camp Lejeune, watu walitumia maji yenye sumu za namna hii tangu 1953. Visima vilivyochafuka vilifungwa mwaka 1984 na 1985, baada ya kupimwa. Miaka zaidi ya 30!

Sasa, kwa nini mpimaji aje kisimani? Sumu hizi ni kama marashi: ukiacha chupa wazi, huruka. Ukibeba maji kwa dumu mpaka mjini, sumu hutoroka njiani, nanyi mtaambiwa maji ni mazima. Kwa hiyo mpimaji hutia maji nusu chupa, huifunga, huitikisa, kisha huingiza mrija wa mashine ya kupima mvuke uliokusanyika juu. Jibu lapatikana palepale. Lakini mashine hiyo haitaji jina la sumu, na iliyo kidogo sana yaweza kuipita. Basi chupa nyingine hujazwa pomoni, pasibaki hewa, huwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara.

Mkiona mashaka, fanyeni hivi:
1. Acheni kunywa maji hayo.
2. Msitegemee kuyachemsha. Mvuke wake mtauvuta ndani ya nyumba.
3. Msiwashe moto karibu na kisima.
4. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji apeleke habari RUWASA wilayani.

Twajua kisima kingine kiko mbali, na ndoo ni nzito kichwani mwa mama. Basi wenye baiskeli wasaidie kubeba mpaka majibu yaje. Kufunga kisima wiki chache ni taabu, lakini kuuguza mtoto ni taabu kubwa zaidi.