Sauti Imeingia, Lakini kwa Maikrofoni Ipi? Utatuzi wa Matatizo ya Kurekodi kwenye Kompyuta za Linux

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na warekodi wa redio za jamii



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kutatua matatizo ya maikrofoni kwenye kompyuta za Linux. Nitapita haraka kwenye mambo ambayo wengi wenu mnayafanya kila wiki, ili muda uliobaki niutumie kwa tatizo moja ambalo kwa maoni yangu limetupotezea kazi nyingi kuliko mengine yote: kurekodi kwa maikrofoni isiyokusudiwa bila mtu yeyote kujua.

2. Ufafanuzi wa msingi

Sauti hupita ngazi kadhaa kabla ya kuwa faili. Kwanza kuna maikrofoni na waya wake. Pili kuna kadi ya sauti, iwe ya ndani ya kompyuta au ya USB. Tatu kuna ALSA, sehemu ya kerneli inayozungumza na kadi hiyo. Ilianzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998 na ikachukua nafasi ya mfumo wa OSS katika kerneli ya 2.6. Nne kuna seva ya sauti inayogawa sauti kwa programu mbalimbali. Kwa miaka mingi seva hiyo ilikuwa PulseAudio ya Lennart Poettering. Siku hizi kwenye mifumo mingi ni PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, ambayo Fedora iliifanya chaguo-msingi la sauti katika toleo la 34 mwaka 2021. Tano kuna programu yenyewe ya kurekodi, kama Audacity au kivinjari.

Kila ngazi ina koki yake. Koki moja ikifungwa, maji hayafiki, hata nyingine zote zikiwa wazi.

3. Kompyuta isiyorekodi chochote

Hili ndilo tatizo linaloletwa sana mezani kwetu, nalo ni jepesi mkifuata mpangilio. Anzeni chini mpande juu.

Amri ya arecord -l inaorodhesha kadi zinazoweza kurekodi. Kama kadi ya USB haimo, tazameni lsusb. Ikikosekana huko pia, tatizo ni waya au tundu. Kama maikrofoni ya ndani ya kompyuta mpakato haimo, mara nyingi kinachokosekana ni faili za Sound Open Firmware zinazohitajiwa na maikrofoni za kidijitali za kompyuta nyingi mpya. Kwenye Debian kifurushi hicho kinaitwa firmware-sof-signed.

Kadi ikionekana, fungueni alsamixer, bonyezeni F6 kuchagua kadi, kisha F4 kuona upande wa kurekodi. Mkiona Capture imezimwa, iwasheni kwa kibonye cha nafasi. Tazameni pia kitufe cha kuzima maikrofoni kilicho kwenye kibodi za baadhi ya kompyuta. Taa yake ndogo imewahi kuwasumbua watu wazima siku nzima.

ALSA ikiwa sawa na programu bado iko kimya, angalieni ruhusa. Programu zilizosakinishwa kwa Snap zinaweza kuzuiwa zisifikie maikrofoni mpaka ruhusa itolewe, na kivinjari kina ruhusa yake kwa kila tovuti. Audacity nayo husoma orodha ya vifaa inapofunguliwa. Maikrofoni ya USB iliyochomekwa baadaye haitaonekana mpaka muiambie itafute vifaa upya.

Kimya hakitutishi. Kimya kinajitangaza: mtangazaji anaona mstari umelala, anasimamisha kazi, anamwita fundi.

4. Tatizo lenyewe: sauti kutoka kusikotakiwa

Naomba sasa tukae hapa.

Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilirekodi masimulizi ya mzee mmoja. Maiki ndogo ya kubana ilikuwa kifuani mwake, kwenye kanzu. Kipimo cha sauti kilipanda na kushuka vizuri, mawimbi yakajaa kwenye skrini, faili likahifadhiwa. Siku ya kuhariri, sauti ya mzee ilikuwa ya mbali kama anaongea kutoka chumba cha pili, feni ya kompyuta ilivuma mwanzo hadi mwisho, na kila kibonye alichobonyeza mhoji kiligonga kwa nguvu. Waliniletea faili hilo wakilalamika kuwa maiki ni mbovu.

Maiki haikuwa mbovu. Ushahidi ulikuwa kwenye faili lenyewe. Maiki ya kubana kwenye kanzu haikosi kuokota mchakacho wa kitambaa mtu anapojigeuza. Hapakuwa na mchakacho hata mmoja. Vibonye vya kibodi vilikuwa karibu kuliko kinywa cha mzee. Aliyesikia mahojiano yote ni maikrofoni ya ndani ya kompyuta, pale juu kando ya kamera. Ya kifuani ilikuwa pambo.

Kwa nini hutokea? Nimekutana na sababu nne.

Ya kwanza ni plagi. Kompyuta mpakato nyingi za sasa zina tundu moja la duara kwa hedfoni na maikrofoni kwa pamoja, linalotaka plagi ya migawanyo minne. Maiki nyingi za kubana za bei nafuu zina plagi ya migawanyo mitatu. Ukiichomeka, kompyuta huhisi kwamba umeweka hedfoni tu, na kurekodi kunabaki kwa maikrofoni ya ndani. Dawa yake ni kigawanyio chenye matundu mawili, moja la kusikiliza na moja la kurekodi, au kadi ndogo ya USB yenye tundu la maikrofoni. Mara nyingi hakuna amri ya Linux inayoweza kurekebisha plagi isiyolingana na tundu.

Ya pili ni namba za kadi. ALSA hupanga kadi kwa namba, na namba hizo hufuata mpangilio ambao kerneli imezikuta. Kadi ya USB iliyokuwa namba 1 jana inaweza kuwa namba 2 leo kwa sababu kamera ya mtandaoni, nayo ina maikrofoni, imetangulia. Hati ya amri iliyoandikwa plughw:1,0 itaendelea kurekodi bila kulalamika, ila kutoka kwenye kamera. Tumieni jina la kadi badala ya namba. Faili la /proc/asound/cards linaonyesha majina hayo kwenye mabano ya mraba, na amri huwa kama plughw:CARD=Device,DEV=0.

Ya tatu ndiyo inayowachosha mafundi wazuri. PulseAudio hukumbuka kila programu ilirekodi kutoka kifaa gani mara ya mwisho, na WirePlumber inayoisimamia PipeWire nayo huweka kumbukumbu zake. Fundi anabadilisha chanzo cha chaguo-msingi kwa pactl set-default-source, anaona kimebadilika, anaondoka. Programu inafunguliwa na kurudi kwenye chanzo chake cha zamani, kwa sababu kumbukumbu yake binafsi ina nguvu kuliko chaguo-msingi. Njia ya uhakika ni kufungua pavucontrol wakati programu inarekodi, kwenda kwenye kichupo cha kurekodi, na kuichagulia programu hiyo chanzo palepale. Isiporekodi haionekani kwenye kichupo hicho. Wengi hufungua, wakakuta patupu, wakafunga.

Ya nne ni vyanzo visivyo maikrofoni. Mkiandika pactl list short sources mtaona majina yanayoishia na .monitor. Hayo hurekodi sauti inayotoka kwenye spika. Mtu akichagua hicho huku muziki unacheza, kipimo kinaruka vizuri sana. Hapa naingiza pia hedfoni za Bluetooth: zikitumika kama maikrofoni huhamia hali ya simu, na ubora mara nyingi hushuka hadi sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Sauti inaingia, lakini si ya kurushwa hewani.

Kipimo kwenye skrini kinathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna sauti fulani inaingia. Hakisemi inaingia kutoka wapi. Kwa hiyo kabla ya kila mahojiano napendekeza jaribio la ukucha. Endesheni amri hii:

arecord -D plughw:CARD=Device,DEV=0 -f S16_LE -r 48000 -c 1 -V mono -d 10 jaribio.wav

Kwaruzeni taratibu wavu wa maikrofoni mliyokusudia, kisha kwaruzeni fremu ya skrini karibu na kamera. Kipimo lazima kiruke sana kwa mkwaruzo wa kwanza na kitulie kwa wa pili. Kisha rudieni jaribio lilelile ndani ya programu mtakayotumia, maana amri inaweza kuwa sahihi na programu ikawa kwingine. Malizieni kwa kusikiliza faili kwa hedfoni. Msiache kuandika -f na -r: arecord ikiachwa bila maelekezo hurekodi kwa biti 8 na sampuli 8,000 tu kwa sekunde, na nimeona maiki nzuri zikilaumiwa kwa sababu hiyo.

5. Upande wa utawala

Nasema haya kwa heshima kwa viongozi wetu, nikijua bajeti zilivyo. Kituo nilichokisimulia kiliandika maombi ya maiki mpya. Zilikuja baada ya muda mrefu, za kampuni nyingine na za bei ya juu zaidi, zenye plagi ileile ya migawanyo mitatu. Hakuna aliyewauliza mafundi kuhusu tundu. Fedha zimetumika, tatizo limebaki mezani.

Jambo la pili ni ruhusa. Vipo vituo ambako mrekodi hana haki ya kusakinisha hata pavucontrol, na mwenye nywila yuko makao makuu. Usalama wa mifumo ni jambo la lazima, sipingi. Lakini chombo cha kuonyesha sauti inatoka wapi si anasa, kinapaswa kuwemo tangu kompyuta inapokabidhiwa.

Jambo la tatu ni desturi ya kufuta na kusakinisha upya kila tatizo linapotokea. Inapoteza siku nzima, haigusi plagi, na inafuta kumbukumbu ambazo zingetueleza kilichotokea.

6. Mapendekezo

(i) Kila kituo kifanye jaribio la ukucha kabla ya kila mahojiano, kwa amri na ndani ya programu.

(ii) Sekunde kumi za mwanzo zisikilizwe kwa hedfoni kabla mhojiwa hajaanza kueleza.

(iii) Hati zote za amri zitumie majina ya kadi badala ya namba.

(iv) Maombi ya ununuzi wa maikrofoni yaambatane na aina ya tundu la kompyuta itakayotumika, na fundi asaini.

(v) Kila begi la kurekodia liwe na kigawanyio cha plagi na kadi moja ya USB ya akiba.

(vi) pavucontrol na vifaa vya ALSA viwemo kwenye kila kompyuta inayokabidhiwa.

(vii) Maikrofoni ya ndani na ya kamera zizimwe kwenye pavucontrol katika kompyuta za kurekodia tu.

(viii) Kiwango kiwekwe ili vilele vikae kati ya −12 na −6 desibeli. Mic Boost ya alsamixer iwe chini kwanza, maana huongeza na kelele.

(ix) Kurekodi kuwe kwa WAV, sampuli 48,000, biti 16. Saa moja ya mono ni takriban megabaiti 346, hivyo nafasi ya diski isiwe kisingizio.

(x) Hedfoni za Bluetooth zisitumike kama maikrofoni za mahojiano.

(xi) Mvumo wa umeme ukisikika, kompyuta itolewe kwenye chaja irekodi kwa betri, ndipo maiki ilaumiwe.

(xii) Kusakinisha mfumo upya kuwe hatua ya mwisho, baada ya ripoti ya alsa-info.sh kuhifadhiwa.

(xiii) Narudia kwa makusudi: mafundi washirikishwe kabla ya ununuzi.

7. Hitimisho

Mhojiwa mzee si kila mara atapatikana tena, na akipatikana hatasimulia kwa namna ileile. Hasara ya maikrofoni isiyokusudiwa haifidiwi kwa kuhariri. Jaribio nililopendekeza halidai bajeti wala kibali, na halifiki dakika mbili. Naiomba semina hii iyapitishe mapendekezo ya (i) na ya (iv) kama maazimio, na kila kituo kiyaanze kwenye mahojiano yake yajayo.