Njia ya zahabu inapita pia kwenye bariere: maneno yetu kwa watu wa Baraka na Fizi



Leo tumekuja kusema juu ya utafiti, ju vitabu vingi vinaandikwa juu yetu huko inje, na hapa Baraka hakuna anayetusomea. Walimu wa yuniversite wanaita ile kitu mnyororo wa ugavi. Maana yake ni njia yote ambayo zahabu inapita: toka shimo la Misisi, kwa PDG wa shimo, kwa mununuzi mudogo, mpaka Dubai, mpaka kwenye pete ya bibi-arusi asiyetujua. Wanataka njia hiyo ikuwe safi. Na sisi pia tunataka.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kipengele cha 1502 kinaomba kampuni ziseme kama bati, koltani, volframu ao zahabu yao inatoka Kongo ao kwa majirani. Septemba ya mwaka uleule Kinshasa ikafunga uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Ulaya nayo, kanuni yake ilianza tarehe 1 Januari 2021. Je, vita ilipungua? Mwaka 2018 watafiti Stoop, Verpoorten na van der Windt walitoa hesabu zao: kisha ile sheria ya Marekani, mapigano na uporaji viliongezeka. Bati ni mifuko mizito, kila mutu anaiona. Zahabu inaingia mufukoni mwa suruali.

Lakini utafiti unaotugusa zaidi ni wa 2017. Peer Schouten, Janvier Murairi na Saidi Kubuya walihesabu bariere karibu 800 katika Kivu zote mbili. Wakaonyesha kwamba mwenye bariere halishwi na madini peke yake: anakula pia kwa mizigo ya kila siku na kwa wapita njia.

Hapo ndipo tunajiona. Mama anatoka Baraka na ndakala, unga wa muhogo na sabuni, anapanda kwenda Misisi. Kila kamba ya barabarani inaongeza bei. Mchimbaji ananunua unga kwa deni, analipa na zahabu, tena kwa bei ya yule aliyemukopesha. Karatasi ya madini safi inauliza nani anakaa kwenye shimo. Haiulize nani anakula kwa mama wa ndakala.

Sheria ya madini inasema mchimbaji wa mikono afanye kazi katika eneo lililotengwa, ndani ya koperative. Sawa. Basi serikali itenge maeneo hayo. Bila eneo, mchimbaji anabaki haramu, na mwenye kuitwa haramu haombi risiti.

Tunaomba watawala wabandike sokoni orodha ya taksi zote za halali na bei yake. Tunaomba watafiti warudishe matokeo kwetu, kwa Kiswahili na Kibembe, mbele ya kuyapeleka Brussels.

Sisi tunaanza na kitu kidogo. Kisha mukutano huu tutabaki hapa na daftari. Mwenye kulipa barabarani aje aseme: bariere gani, siku gani, pesa ngapi, alipewa karatasi ao hapana. Jina lako hatuliandike.