Nakala ya Data Ikae Wapi, na Diski ya Ukubwa Gani?



Tarehe 25 Juni 2025, Mahakama ya Kikuyu kule Kiambu ilichomwa moto wakati wa maandamano, na faili zikateketea. Mwenye kesi ya shamba au ya urithi anajua maana yake: karatasi isiyo na nakala ikiungua, kesi huanza kutafutwa upya.

Wengi husikia hayo wakasema dawa ni kompyuta. Lakini seva nayo huungua, huibwa, hulowa paa likivuja. Leseni za biashara za Maua, ada za ploti za Runyenjes, rekodi za wagonjwa: zote zikikaa kwenye seva moja katika chumba kimoja, zimehama tu kutoka kabati la mbao hadi kabati la chuma. Ndiyo maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka anayehifadhi data za watu aweze kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali. Ili ziweze kurejeshwa, lazima nakala iwe mahali pengine.

Ugumu uko kwenye hesabu. Chukua mfano wa hospitali ya kubuni yenye data terabaiti 2 leo, picha za eksrei zikiwamo. Kila siku gigabaiti 10 hubadilika, na kati ya hizo 4 ni mpya kabisa. Ofisa wa ununuzi akiagiza diski ya terabaiti 2 kwa sababu ndiyo data iliyopo, itajaa kabla fundi hajaondoka. Kwa miaka mitatu data mpya itakuwa terabaiti 4.4, jumla 6.4.

Tena, nakala inayofuata kila badiliko hufuata pia makosa. Karani akifuta rejista kimakosa, au virusi vikiifunga, nakala ya mbali nayo huharibika papo hapo. Kwa hiyo mabadiliko ya siku 30 zilizopita yahifadhiwe kando, gigabaiti 300 nyingine. Ukiacha nafasi ya kupumua, diski zisipungue terabaiti 8.

Kisha kuna njia ya kupitisha data. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde hubeba takriban gigabaiti 9 kwa saa. Mabadiliko ya siku moja hupita usiku kwa saa moja na dakika chache. Lakini nakala ya kwanza, terabaiti 2 nzima, itachukua siku 9 usiku na mchana. Afadhali diski zilizofungwa kwa nywila zipakiwe kwenye gari. Meru hadi Embu kupitia Chuka ni safari ya asubuhi moja.

Hapa ndipo mipango mingi huteleza: data hupelekwa vizuri, ila hakuna anayehesabu safari ya kurudi. Baada ya miaka mitatu, kurejesha terabaiti 6.4 kwa laini hiyo hiyo ni karibu mwezi mzima. Mgonjwa asiyeweza kutumia penisilini hasubiri mwezi. Kituo cha pili kinahitaji seva inayoweza kushika kazi papo hapo, na orodha ya kinachotangulia: dawa na mizio kwanza, eksrei za zamani baadaye.

Je, Meru iweke nakala Embu, na Embu iweke Meru? Kwa moto na wizi, ni wazo zuri na la bei nafuu. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana yako mlangoni pa Embu, na bado giza likaingia. Kila upande uwe na jenereta yenye mafuta, na nakala ya tatu iende mbali zaidi, kwa mfano katika kituo cha kitaifa cha data cha Konza.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Katika vikao vya kutoa maoni, wakaazi huuliza barabara na maji, na ni haki yao. Waulize na hili: ni lini mara ya mwisho data ilirejeshwa kwa majaribio, na ilichukua saa ngapi?