Kuimba, Kuweka na Kuwekea: Muziki wa Filamu katika Kauli za Watazamaji

Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Otieno Tyson, Mkenya aliyefanya kazi zake Tanzania na kufariki mwaka 2014. Jina la pili la filamu hiyo ni Filamu ya Maisha na Muziki, na miongoni mwa waigizaji walikuwamo wasanii wa bongo fleva kama T.I.D., Jay Moe na A.Y. Neno "na" katika jina hilo si dogo. Je, linaunganisha vitu viwili vilivyokaa bega kwa bega, au linadai kuwa muziki ndio maisha yenyewe yanayosimuliwa?

Jibu halina budi kutafutwa kwa watazamaji. Mabibo, iliyokuwa wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni, ina hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo imezungukwa na makazi ya watu wa kipato cha kawaida. Katika mitaa ya namna hiyo picha zilitazamwa kwenye vibanda vya video. Picha ya kigeni ilikuwa na mtafsiri wake, na aliyevuma sana katika kazi hiyo ni Lufufu. Sauti ya mtafsiri hupanda juu ya sauti ya filamu, na muziki hufunikwa mpaka anyamaze. Girlfriend haikumhitaji. Sikio liliachiwa wimbo wote.

Ubishi wa mashabiki juu ya filamu kama hii huegemea vitenzi vichache. Anayesema "ameimba" anamsifu mwimbaji. Anayesema "wimbo umewekwa" amemwondoa mtendaji, na wimbo waweza kuwa pambo tu. Lakini anayesema "pale wamemwekea wimbo" ametoa tahakiki nzima kwa kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea: yupo aliyeweka, yupo aliyewekewa, na ipo sababu. Amewekewa kwa faida yake, ili ahurumiwe, au kwa hasara yake, kama mtu awekewavyo mtego? Kauli hiyo hubeba maana zote mbili. Ndiyo maana watu wawili waweza kutamka sentensi ileile, mmoja akimpongeza mwongozaji na mwingine akimlaumu kwa kuficha udhaifu wa uigizaji.

Mwimbaji anapokuwa ndiye mwigizaji, mambo huzidi kutatanika. Kiambishi "a-" katika "anaimba" hakibainishi kama aimbaye ni mhusika au ni msanii ambaye kanda zake zinauzwa sokoni. Watazamaji hawalioni hilo kuwa kasoro. Hulichezea kwa furaha.

Darasani hali ni nyingine. Uhakiki uliozoeleka shuleni hugawa kazi katika fani na maudhui, na muziki, ukitajwa, hutupwa upande wa fani, jirani na mandhari. Mgawanyo huo unafaa kwa mtihani. Hata hivyo, mwanafunzi aliyetoka kibandani na hoja nzito juu ya wimbo hulazimika kuiacha mlangoni, kwa kuwa haina safu ya kuandikwa.

Ajabu ni kwamba ngano, ambazo mwanafunzi huyohuyo hufundishwa, hazikuujua mpaka huo. Msimulizi afikapo penye wimbo, hadhira huitikia; na mara nyingi ni wimbo huo unaomfichua muuaji au kumrudisha aliyepotea. Ukiondolewa, hadithi haina njia ya kusonga mbele.