Tabibu wa Kijijini: Kumpata na Kumbakiza

Uhaba wa watumishi wa afya vijijini ni matatizo mawili: kumpata mtumishi, na kumfanya abaki. Tanzania imelihangaikia zaidi lile la kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, hasa katika miaka ya 1970, kipaumbele kilihama kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda zahanati na vituo vya afya, na waganga wasaidizi wa vijijini wakafunzwa kwa wingi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zilisimama, lakini ukuta haumzalishi mama.

Kubaki huamuliwa na mambo yanayoonekana madogo. Tabibu mpya hushuka kwenye basi akiwa na barua ya ajira, begi na godoro lililokunjwa. Mwendo uliobaki ni wa bodaboda. Nyumba ya mtumishi ni moja, na muuguzi anaishi humo na wanawe, basi hupanga chumba nyuma ya duka. Posho ya kujikimu haijaingia. Mwezi wa kwanza hula kwa daftari la madeni la duka hilohilo. Ombi la uhamisho huzaliwa hapo, hata kama litamfikia mkurugenzi wa halmashauri miaka miwili baadaye, likitaja sababu ya kumfuata mwenza. Sababu hiyo nayo ni ya kweli. Ndiyo maana nyumba yafaa itangulie posho ya mazingira magumu: fedha huisha mwisho wa mwezi, nyumba huileta familia.

Kinachochosha kuliko vyote ni upweke wa usiku. Mama anavuja damu baada ya kujifungua, mtumishi ni mmoja, mkwe ameshika tochi ya simu, na hospitali iko mbali. Mfumo wa m-mama umepunguza mzigo huo. Mtumishi hupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Mfumo huo hujulikana kwa kuokoa akina mama na watoto wachanga, lakini humsaidia pia tabibu, ambaye hahesabu tena kila dharura kuwa yake peke yake.

Anayechaguliwa kusomeshwa naye ana uzito. Nchini Msumbiji, matabibu wa upasuaji, ambao si madaktari, walifuatiliwa miaka saba baada ya kupangiwa hospitali za wilaya: asilimia 88 walikuwa bado huko. Kati ya madaktari waliopangiwa hospitali hizo, hakubaki hata mmoja.

Tanzania ilikuwa na ngazi ya namna hiyo. Tangu 1963, tabibu mzoefu aliweza kusomea udaktari msaidizi, akarudi wilayani akiwa na uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi. Mafunzo hayo yamesitishwa, na tabibu anayetaka kupanda sasa hutazama shahada ya chuo kikuu, ambayo humfungulia milango ya hospitali za mijini. Ruhusa ya masomo imekuwa njia ya heshima ya kuondoka kijijini, na itabaki hivyo mpaka pawepo kozi ya kumpandisha cheo inayomrudisha wilayani.