Bawasiri: Tusifiche Ugonjwa kwa Haya



Najua mtacheka, lakini mimi daktari nimeombwa niseme juu ya afya, nami nimechagua ugonjwa unaofichwa sana: bawasiri.

Wengi wetu hapa Karatu tunaishi kwa magari ya watalii. Dereva hukaa kitini tangu alfajiri, hupita lango la Lodoare, hushuka kreta ya Ngorongoro, na hanywi maji asije akatafuta choo njiani. Choo chake kinakuwa kigumu, anajikamua, na mishipa ya damu ya njia ya haja kubwa inavimba. Hiyo ndiyo bawasiri. Ya ndani hutoa damu nyekundu, mara nyingi bila maumivu. Ya nje huwasha na kuuma.

Lakini si kila damu ni bawasiri. Saratani ya utumbo, amiba na kichocho cha tumbo nazo hutoa damu. Kwa hiyo daktari lazima atazame, apime kwa kidole chenye glavu, na achungulie ndani kwa kifaa. Ni dakika chache tu.

Nyingi hutulia kwa maji ya kutosha, dona, mbaazi na mboga, na kukalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Zikikaidi, hufungwa kwa mpira mdogo hadi zinyauke, zilizokomaa hupasuliwa. Dawa za kuunguza za mitaani ziepukeni.

Nimewapokea waliojificha miaka, wakaja wameishiwa damu. Ndugu zangu, haya haijamponya mtu. Ukiona damu, nenda hospitali.