Rasta Ni Plastiki: Kutia Rangi Nywele za Kusukia Nyumbani na Saluni

Mada kwa semina ya wasusi na wenye saluni, Dar es Salaam



Kutia rangi rasta ni kazi inayofanyika zaidi uani kuliko saluni, kwenye sufuria kuukuu, jioni ya kuamkia send-off. Sababu zake mnazijua kunishinda. Bibi harusi ametangaza sare ya zambarau, maduka ya Kariakoo yamejaa namba 1, 1B, 33 na 27, na zambarau iliyobaki dukani haikubaliani na kitambaa. Mwingine anataka ncha tu zibadilike rangi. Mwingine anahesabu pesa. Bajeti ya Juni 2019 ilipotangaza ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia za kutoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, wengi walianza kuyatazama upya mafungu yaliyokosa wateja kabatini.

Sina ugomvi na kazi yenyewe. Ugomvi wangu ni na swali tunaloanza nalo. Tunauliza rangi gani, wakati bado hatujajua rasta gani. Rasta ni plastiki, na plastiki ziko nyingi. Ipo inayopokea rangi vizuri, ipo inayopokea kwa shida, na ipo isiyopokea kabisa hata ukikesha nayo jikoni.

Rangi ya nywele haina pa kukaa

Unywele wa mtu umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na kwa nje una magamba madogo yaliyolaliana. Rangi ya kudumu ya dukani hutumia amonia kuyafungua magamba hayo na peroksidi kuua weusi wa asili, kisha kemikali ndogondogo huingia ndani na kuungana zikawa rangi ambayo haiwezi tena kupita ilikoingilia. Rasta haina magamba, haina keratini, haina weusi wa asili. Ukiipaka rangi ile, itabaki juu juu, na siku ya kwanza ya jasho itashuka kwenye kola ya mteja.

Hina nayo hivyo hivyo. Hushika kwenye kucha, ngozi na nywele kwa sababu hung'ang'ania keratini, na kwenye rasta huacha uchafu wa kahawia tu. Piko nyeusi ni ya kuogopwa zaidi. Ile inayokorogwa kwa rangi ya nywele mara nyingi ina PPD, kemikali inayowatoa baadhi ya watu malengelenge makali, na hakuna haja ya kuifunga kichwani mwa mtu kwa wiki nzima. Wapo pia waliojifunza batiki kwenye vikundi vya akina mama wakafikiri ule unga na kostiki soda yake vitafaa. Rangi zile zimeundwa kwa pamba. Shuka itazinywa, rasta itazitema.

Hapohapo limejibiwa swali la kung'arisha rasta nyeusi. Kwa kawaida rangi ya rasta huchanganywa na plastiki kabla haijavutwa kuwa nyuzi, kwa hiyo imo ndani mpaka katikati. Blichi haina cha kuua humo. Itakachofanya ni kuikausha rasta na kuwasha mikono yako. Anayetaka kutia rangi aanze na rasta nyeupe, ya fedha, au namba 613, na akumbuke kwamba 613 ina unjano. Bluu juu ya 613 itaelekea kijani, na waridi itaelekea rangi ya machungwa. Bluu safi inataka rasta nyeupe.

Ijue rasta yako

Kanekalon ni jina la biashara la kampuni ya Kaneka ya Japani, na nyuzi hizo zimekuwepo sokoni tangu 1957. Ni modakriliki, plastiki iliyoundwa hasa kwa akrilonitrili na vinili kloridi. Klorini iliyomo ndiyo inayoifanya iwe ngumu kushika moto, sifa njema kwa kitu kinachokaa kichwani. Ya pili ni PVC, ya ukoo mmoja na mabomba ya maji. Ya tatu ni polyesta, ileile ya mashati. Ya nne ni polipropilini, ambayo ndiyo inayofumwa viroba vya sandarusi. Ya nne hii ni nyepesi na mara nyingi ni rahisi kwa bei, na ndiyo inayowapotezea watu rangi zao bure.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Kata nyuzi chache, uzitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha uzisukume chini kwa kidole mpaka zilowe kabisa. Sabuni ni ya lazima, kwani bila hiyo hata nyuzi nzito zinaweza kuelea kwa kushikwa na uso wa maji. Zikirudi juu kila unapozizamisha, hiyo ni polipropilini, iliyo nyepesi kuliko maji. Rudisha sufuria kabatini. Hakuna rangi ya nyumbani itakayoingia humo. Modakriliki, PVC na polyesta zote huzama.

Zilizozama zipelekwe kwenye moto. Fanyia kazi hii nje, ushike kishungi kidogo kwa koleo juu ya sahani yenye maji. Polyesta hushika moto, huyeyuka na kudondoka, na ikipoa huacha kidonge kigumu cha mviringo. Modakriliki na PVC huukimbia moto: hujikunja, huungua zikiwa ndani ya mwali, na ukiziondoa huzimika zenyewe, zikiacha bonge jeusi gumu lenye makunyanzi. Usiinamie kunusa, maana moshi wa PVC una asidi na unachoma pua na macho. Kuzitenganisha hizi mbili kwa macho ni kazi ngumu, na kwa shughuli yetu si lazima. Zote zichukuliwe kuwa haziwezi kuchemshwa.

Moto huohuo utakuonyesha jambo jingine sokoni. Nywele halisi za mtu hutoa harufu ya manyoya yaliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Muuzaji anayekuapia kwamba fungu lake ni nywele za mtu, mwombe nyuzi tatu tu na kiberiti.

Kwenye sufuria

Rangi inayoingia kwenye plastiki hizi ni ile ya polyesta, ambayo wenye viwanda vya nguo huiita dispasi. Ilibuniwa miaka ya 1920 kwa ajili ya hariri bandia ya asetati, baadaye ikawa rangi kuu ya polyesta. Chembe zake haziyeyuki vizuri kwenye maji, na hiyo ndiyo faida yake. Joto likiilegeza plastiki, chembe huyakimbia maji na kuhamia ndani ya unyuzi, na plastiki ikipoa hufungiwa humo. Ukinunua, soma kibandiko kama kimetaja polyesta. Rangi iliyoandikwa pamba, sufu au hariri iache dukani.

Wanawake wa pwani wanaochemsha ukindu kwa ajili ya mikeka wanaijua nusu ya kazi hii tayari: maji yawe mengi, ukindu uzame wote, ugeuzwe taratibu ili rangi isikae mabaka. Tofauti iko kwenye moto. Ukindu unavumilia kuchemka, modakriliki haivumilii. Maji yakitokota husinyaa, hujikunja na kupoteza mng'ao, na hakuna mafuta yatakayourudisha. Polyesta ndiyo inayopenda joto. Viwandani huipika kwa takriban nyuzijoto 130 ndani ya mitungi ya kukaza mvuke, na nyumbani inataka maji yaliyokaribia kabisa kuchemka.

Kwa rasta isiyotaka kuchemshwa mimi hushauri nyuzijoto 75 hadi 85, na kuongeza muda badala ya moto. Asiye na kipimajoto atazame chini ya sufuria: vitone vidogo vimeshika chini, mvuke unapanda, lakini maji hayajaanza kucheza. Jiko la mkaa lisilopungua moto halifai hapa. Kabla ya yote tia kishungi kimoja cha majaribio kwa nusu saa. Kikijikunja, yamkini ni PVC, na fungu hilo lisukwe na rangi yake ya kiwandani.

Fungu lenyewe lioshwe kwanza kwa sabuni kuondoa mafuta na dawa za kiwandani. Wasusi wengi huloweka rasta kwenye maji ya siki ili zisiwashe mteja. Kama nawe ni mmoja wao, fanya hivyo sasa, kabla ya rangi, kisha suuza vizuri. Lifunge kwa uzi sehemu mbili tatu, kwa kulegeza, ili lisitatizane na bado rangi ipite. Koroga rangi kwenye kikombe cha maji ya moto, uichuje kwa kitambaa, kwa sababu donge moja lisiloyeyuka litaacha doa ambalo halifichiki hata ukisuka vipi. Tia rasta ikiwa imelowa. Geuza kwa mwiko wa mti, polepole. Baada ya nusu saa vuta nyuzi chache, uzipanguse na kuzitazama juani, kwani zikiwa mbichi huonekana zimekolea kuliko zilivyo. Ukiridhika, zima moto na uache fungu lipoe ndani ya maji yake mpaka yawe vuguvugu. Pupa ya kulitia kwenye maji baridi huliachia makunjo. Suuza mpaka maji yatoke meupe, osha tena kwa sabuni, anika kivulini.

Kwa anayetaka ncha tu, funga fungu kwenye fimbo iliyolazwa juu ya sufuria na uliteremshe kidogo kidogo, ncha zikitangulia na kukaa muda mrefu zaidi. Mpaka kati ya rangi mbili utalainika wenyewe.

Kisha vipo vipimo viwili ambavyo kila msusi anaweza kuvifanya kabla ya kumkalisha mteja. Chukua kitambaa cheupe, ukipake mafuta ya nazi, usugue rasta. Halafu chovya kishungi kwenye maji ya birika, yaleyale utakayochovya ncha za misuko ukimaliza. Kitambaa kikichafuka au maji yakigeuka rangi, mgongo wa gauni la mteja nao utageuka, na bwana harusi atakuwepo kushuhudia. Rudia kuosha. Ikishindikana, fungu hilo lisipande kichwani.

Njia ya mkato iliyoenea ni ya maka pen: unavunja kalamu, unaloweka utambi wake kwenye spiriti, unapulizia. Kwa picha za siku moja inatosha. Ila spiriti inashika moto upesi, na sisi ndio watu wa kuchoma ncha kwa kiberiti. Rasta iliyopuliziwa ikauke kabisa mahali penye hewa, na ncha zake zichovywe maji, zisichomwe. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha isitumike hata tone, maana huilegeza modakriliki na inaweza kuiyeyusha.

Afya ya mteja na ya msusi

Februari 2025, jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza vipimo vya bidhaa 10 za rasta zinazotumika sana huko. Zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 kati yake zilikuwa na risasi. Hapo hakuna aliyekuwa ameongeza rangi yake ya nyumbani. Nalitaja hilo kwa sababu msusi hushika rasta kutwa nzima, mara nyingi akila chipsi kwa mkono uleule, na mteja hulala nazo kwa wiki.

Kwa hiyo rangi ifanyike rasta ikiwa mkononi, kamwe isifanyike ikiwa imeshasukwa. Maji ya nyuzijoto 80 kwenye ngozi ya kichwa ni ajali, na rangi isiyosuuzwa huishia kwenye vinyweleo. Unga wa rangi ukorogwe kwa glavu na barakoa. Sufuria, mwiko na chujio vikishafanya kazi hii visirudi kupika chakula, hata vioshwe vipi. Maji yaliyobaki yamwagwe chooni, mbali na kisima na bustani ya mchicha.

Ndugu Mwenyekiti, paketi nyingi zinazofika saluni kwetu zina namba ya rangi, urefu na picha ya msichana anayetabasamu, lakini hazisemi ni plastiki gani. Naomba semina hii iwaandikie wauzaji wa jumla na wenye viwanda ombi moja: kila paketi itaje, kwa Kiswahili, aina ya nyuzi zilizomo na joto zinaloweza kuvumilia. Na wakati tunasubiri majibu yao, naomba kila mwenye saluni aliyepo hapa akirudi afanye vipimo vya maji na moto kwa kila aina ya rasta anayouza, kisha aandike majibu kwa kalamu kwenye rafu ambapo wasusi wake wote watayaona.